Sheria Hutungwa Lini, na Huanza Kutumika Lini?

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, wakati wa sherehe za kutimiza miaka kumi)



 Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za maghala, mizani na malipo ya mazao. Sisi tumeombwa na Bodi tuzungumze juu ya jambo lisiloonekana kwa macho kama ghala, wala kupimwa kwa kilo, lakini ambalo kila msimu lazusha maneno mengi katika ofisi zetu. Jambo lenyewe ni hili: sheria ikisemwa kuwa imetungwa, maana yake ni nini hasa, na tangu siku gani sheria hiyo huanza kutuhusu?

Hapana shaka kila mmoja wetu amekwisha kusikia maneno kama haya: "Redio imesema ushuru umepunguzwa, mbona bado unatozwa vile vile?" Au: "Bunge limekwisha kupitisha, kwa nini Katibu atuambia tungoje?" Mwenye kuuliza hivyo hana kosa, maana amesikia habari ya kweli. Lililobaki ni kujua kwamba habari ile ni ya siku moja kati ya siku kadhaa ambazo sheria huzipitia. Asiyezipambanua siku hizo aweza kudai haki ambayo bado haijafika, au kuiacha haki iliyokwisha kufika mlangoni pake.

Tuanze na neno lenyewe. Kutunga ni neno la zamani katika lugha yetu. Malenga hutunga mashairi, mvuvi hutunga samaki katika kamba, na mama hutunga shanga katika uzi. Mwenye kutunga shanga huzipitisha moja moja, na mwisho hufunga fundo. Kabla ya fundo hana kitu cha kuvaa. Uzi ukimteleza, shanga zote zamwagika chini. Na hata baada ya fundo, mtungo ule waweza kuwekwa sandukuni mpaka siku ya arusi ndipo uvaliwe. Sheria nayo ni vivyo hivyo. Iko kazi ya kuipitisha, liko fundo, na iko siku ya kuvaliwa.

Katika nchi yetu ya Tanzania, sheria huanza kama muswada. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali ili watu wausome, kisha hupelekwa Bungeni Dodoma. Husomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika Kamati ili uchunguzwe na wananchi wapate kutoa maoni yao, hurudi na kusomwa mara ya pili ambapo wabunge hujadiliana, hupitiwa kifungu kwa kifungu na Bunge zima likiwa limekaa kama Kamati, na mwisho husomwa mara ya tatu. Muswada ukipita hapo, watu husema, "Sheria imepita." Usemi huo wafaa kwa mazungumzo ya njiani, lakini hautoshi ofisini. Kilichopita ni muswada.

Fundo lenyewe hufungwa na Rais. Ibara ya 97 ya Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba Bunge hutunga sheria kwa kujadili na kupitisha miswada, na kwamba muswada hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Rais aweza pia kukataa na kuurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake. Muswada uliorudishwa haupelekwi tena kwake kabla ya miezi sita kupita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili au zaidi ya wabunge wote. Ukipelekwa tena kwa nguvu hiyo ndani ya miezi sita, yampasa Rais kuukubali katika muda wa siku 21, ama sivyo itambidi alivunje Bunge. Tumeyataja haya ili tuone kwamba kukubali kwa Rais si desturi ya heshima tu, bali ni sehemu ya kutunga kwenyewe. Wazee wetu walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu; lakini mkulima mwenye akili hapandi mbegu kwa kuona mawingu.

Sasa twafika kwenye swali la pili, nalo ndilo lenye kuwakwaza wengi. Rais amekwisha kutia sahihi, na sheria imekwisha kutungwa. Je, imeanza kutumika? Jibu la swali hili limo katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ambayo ni Sura ya 1 ya sheria zetu. Kanuni yake ni nyepesi. Sheria isiposema lolote juu ya siku yake ya kuanza, huanza siku inapotangazwa katika Gazeti la Serikali. Lakini sheria ikitaja siku nyingine, basi huanza siku hiyo iliyotajwa. Na mara nyingi sheria haitaji siku, bali humwachia Waziri aitaje kwa tangazo atakalolitoa katika Gazeti hilo hilo. Zipo hata sheria ambazo sehemu yake moja huanza mapema na sehemu nyingine huanza baadaye.

Yafaa tuongeze neno dogo juu ya saa. Kwa desturi yetu ya zamani siku huanza jua linapokuchwa, ndiyo maana twasema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Sheria haihesabu hivyo. Sheria ianzayo tarehe 1 ya mwezi huanza mwanzoni mwa siku hiyo, yaani ipigapo saa sita ya usiku. Mzigo uliopimwa jioni ya tarehe 30 uko chini ya sheria ya zamani, hata kama mwenye mzigo ameuona mwezi mpya ukiandama.

Mfano mkubwa wa jambo hili twaupata katika ardhi, ambayo ndiyo msingi wa kila mkulima. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, zilipitishwa na Bunge tarehe 11 Februari 1999. Rais Benjamin William Mkapa alizikubali tarehe 15 Mei 1999. Lakini zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hesabuni wenyewe: tangu fundo lilipofungwa mpaka siku ya kuvaliwa ilipita karibu miaka miwili kamili. Katika muda huo wote sheria hizo mbili zilikuwa zimetungwa, zimechapishwa, na aliyetaka aliweza kuzisoma. Lakini hakuna aliyeweza kwenda mbele ya halmashauri ya kijiji chake na kudai hati ya hakimiliki ya kimila kwa mujibu wake. Ardhi ya Tanzania Bara iliendelea kuongozwa na sheria za zamani, ikiwamo Sheria ya Ardhi iliyowekwa na Waingereza katika mwaka 1923.

Tena ndani ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji mlikuwamo neno kubwa kwa akina mama, kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kufanya nayo shughuli sawasawa na mwanamume. Mwanamke aliyelisikia neno hilo katika mwaka 1999 alikuwa na sababu ya kufurahi, lakini ilimpasa pia kujua kwamba nguvu ya kifungu kile itafika baadaye.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kukawia namna hiyo? Jibu ni kwamba sheria kubwa haiwezi kufanya kazi kwa maneno yake peke yake. Yahitaji kanuni, fomu, madaftari, na watumishi waliofundishwa. Kanuni na fomu za sheria hizi mbili zilitoka katika mwaka 2001, mwaka ule ule zilipoanza kutumika. Sheria ikianza kabla fomu hazijachapishwa, mwananchi huenda ofisini akarudi mikono mitupu, na karani husema hana la kumsaidia. Lakini kukawia nako kuna hasara yake, maana aliye na dhiki leo hupewa haki ya kesho kutwa. Kwa hiyo twasema kwamba siku ya kuanza si jambo la makarani tu, bali ni jambo la kuulizwa na kufuatwa na wananchi wenyewe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mizani zetu. Katika hotuba ya bajeti iliyosomwa Bungeni tarehe 8 Juni 2017, Waziri wa Fedha na Mipango alitangaza kwamba ushuru wa mazao utozwao na halmashauri utapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Habari hiyo ilienea siku ile ile mpaka vijijini, na ilistahili kuenea. Lakini hotuba ya Waziri si sheria. Mabadiliko yale yalikuwa ya kuanza tarehe 1 Julai 2017, siku ambayo mwaka mpya wa fedha huanza. Kwa hiyo mazao yaliyouzwa kati ya tarehe 8 na tarehe 30 Juni yalikuwa bado chini ya kiwango cha zamani. Aliyeweza kuweka mazao yake ghalani majuma matatu tu, naye anazijua siku hizi, alipata faida. Aliyesikia nusu ya habari aligombana bure na mtoza ushuru. Na yule ambaye hakusikia kabisa, akaendelea kukubali kiwango cha zamani baada ya tarehe 1 Julai, alipoteza haki yake mwenyewe bila kunyang'anywa na mtu.

Msidhani kwamba mambo haya yaliwatatiza wakulima wa kwetu tu. Huko Uingereza, ambako ndiko mtindo wa Mabunge yetu ulikotoka, zamani sheria isiyotaja siku yake ilihesabiwa kuwa imeanza tangu siku ya kwanza ya kikao cha Bunge kilichoipitisha. Kikao chaweza kuendelea kwa miezi mingi. Basi mtu aliweza kuambiwa kwamba jambo alilolifanya miezi kadhaa iliyopita lilikuwa kosa, ingawa siku alipolifanya sheria hiyo haikuwapo. Katika mwaka 1793 Bunge lao liliiondoa kanuni hiyo, likaagiza kwamba siku ya kukubaliwa na Mfalme iandikwe juu ya kila sheria, na siku hiyo ndiyo iwe mwanzo wake kama hakuna nyingine iliyotajwa.

Nasi pia tunayo tarehe moja ya zamani ambayo mahakama zetu huikumbuka hata leo, nayo ni tarehe 22 Julai 1920. Sheria za jumla za Uingereza zilizokuwa zikitumika huko siku hiyo ndizo zilizopokewa katika Tanganyika, kwa kadiri zilivyofaa mazingira ya hapa. Sheria iliyowekwa Uingereza baada ya siku hiyo haikuingia kwa mlango huo. Tazameni jinsi tarehe moja iwezavyo kuwa kama kizingiti cha nyumba: hatua moja huku uko nje, hatua moja kule uko ndani.

Kwa sababu hiyo Katiba yetu imeweka kinga. Ibara ya 13 yakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo lilipofanywa halikuwa kosa chini ya sheria, na yakataza adhabu kuwa kubwa kuliko ile iliyokuwapo wakati kosa lilipotendeka. Kwa hiyo mwanachama akiambiwa kwamba amevunja sheria, swali lake la kwanza na liwe: "Siku nilipofanya hivyo, sheria hiyo ilikuwa imeanza?" Swali hilo si la ujeuri. Ni swali ambalo Katiba imempa.

Sasa turudi nyumbani, katika Ushirika wetu. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika mwaka 1932. Baada ya Uhuru zimefuata nyingine katika miaka ya 1968, 1982, 1991, 2003 na 2013. Wazee wetu walio hapa wakumbuka kwamba vyama vikuu vilivunjwa katika mwaka 1976, na kwamba sheria ya kuvirudisha ilitungwa katika mwaka 1982, ingawa vyama vyenyewe vilirejea kazini katika mwaka 1984. Kila sheria mpya ilipokuja ilifuta ile iliyotangulia. Lakini kufuta sheria hakufuti mambo yaliyokwisha kufanyika kwa halali chini yake. Deni lililokopwa hubaki deni, na hisa iliyolipwa hubaki hisa. Kwa hiyo msimsikilize mdaiwa asemaye kwamba mkopo wake ulikufa pamoja na sheria ya zamani.

Na kama Taifa lilivyo na sheria zake, chama nacho kina masharti yake. Mkutano Mkuu ni kama Bunge letu. Lakini sheria ya ushirika yasema kwamba badiliko la masharti halina nguvu mpaka lisajiliwe na Mrajis. Kura zetu ni kuzipitisha shanga. Usajili ndio fundo.

Twalisema jambo hili waziwazi kwa sababu liko mbele yetu hivi sasa. Wajumbe wote mwakumbuka kwamba katika Mkutano Mkuu uliopita tulikubaliana kukibadili kifungu cha masharti kihusucho mchango wa ghala, ili mchango huo upunguzwe. Mikono iliinuliwa, na muhtasari ukaandikwa. Hati zetu ziko kwa Mrajis, nasi bado tunangoja. Msimu umeanza, na mchango wakatwa kama zamani. Tumepata barua, na tumesikia manung'uniko kwamba ofisi imedharau kura za wanachama.

Wenzetu, haikudharau. Kama ofisi ingeanza kukata kwa kifungu kipya leo, naye Mrajis akakirudisha kifungu hicho ili kirekebishwe, pengo lile lingezibwa na nani? Mkaguzi akija angeandika kwamba fedha zimepungua kinyume cha masharti, naye angesema kweli. Wazee husema, usikate mbeleko mwana hajazaliwa. Twajua kwamba neno hili ni chungu kwa aliyevuna mapema, kwa kuwa mzigo wake utabaki katika hesabu ya zamani, na jirani yake aliyechelewa kuvuna atapata nafuu. Hatuwezi kuuficha uchungu huo. Lakini fikirini kanuni hii kwa upande wa pili. Siku ambayo uongozi wowote utataka kuupandisha mchango kwa haraka, kwa mkutano wa watu wachache, ni kanuni hii hii itakayousimamisha mkono wa mkataji mpaka Mrajis aone na kusajili. Ngao haifai kutupwa siku ile inapokuwa nzito kubeba.

Kwa upande wetu twaahidi mambo mawili, na ahadi ni deni. Kwanza, siku usajili utakapotufikia, tarehe yake itabandikwa penye kila mizani ya kila chama cha msingi, kwa herufi kubwa, ili mtu asiambiwe kwa mdomo. Pili, tangu tarehe hiyo hakuna mzigo hata mmoja utakaokatwa kwa kiwango cha zamani, na ukikatwa kwa makosa, mwenye mzigo atarudishiwa fedha zake kwa stakabadhi.

Mwisho, twawaomba makatibu wa vyama vya msingi wauchukue utaratibu huu nyumbani. Ikisikika habari ya sheria mpya, ulizeni maswali manne. Je, ni muswada, au ni sheria iliyokubaliwa na Rais? Imetangazwa katika Gazeti la Serikali la tarehe gani? Yataja siku gani ya kuanza, au yamwachia Waziri? Na je, yaanza yote, au sehemu tu? Majibu yaandikeni katika daftari moja, kila sheria na tarehe zake, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni mali.

Zamani makatibu wengi walijitetea kwamba sheria zimeandikwa kwa Kiingereza. Udhuru huo umepungua nguvu, kwa kuwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ni kubwa, lakini mlango umekwisha kufunguliwa, na mwanachama ajuaye kusoma hana haja ya kungoja asimuliwe.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita wanachama wetu waliuliza kwanza, "Bei ni kiasi gani?" Swali hilo lingali jema. Katika miaka kumi ijayo twatumaini kwamba wataongeza na hili: "Na yaanza lini?" Chama ambacho wanachama wake huuliza hivyo hakidanganyiki kwa uvumi, wala hakionewi kwa sheria ambayo siku yake haijafika.

 Ushirika wetu udumu.